Kijiji Kidogo na Njia Yake

Wengine hupenda hadithi. Mimi napenda vitabu vya hesabu ya watu. Mtu atasema: ni tarakimu tupu hizo. Lakini vile vya nchi ya India, ukivisoma polepole, utaona maisha ya watu ndani yake.

Mwaka 2011 serikali ya India ilihesabu raia wake, ikapata zaidi ya milioni 1,210. Katika kila watu kumi, karibu saba walikaa vijijini, na vijiji vyenyewe vilipita 640,000. Kila kijiji kina mstari wake: nyumba ngapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Kisha yafuata maulizo. Je, basi linafika? Kituo cha gari la moshi kipo? Posta? Nyumba ya waganga? Kama hakuna, huandikwa herufi moja tu: a, ndiyo kusema kipo chini ya kilomita 5, b, kati ya 5 na 10, c, kupita 10.

Herufi c ni ndogo kama punje ya mtama. Lakini kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, siku za mvua kubwa, njia ikiwa tope tupu, ni safari ndefu juu ya kitanda kinachobebwa mabegani.

Tena hesabu hiyo ndiyo inayogawa barabara. Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ilianza kazi ya kuunganisha vijiji kwa barabara zinazopitika masika na kiangazi. Kanuni yake ni hii: penye tambarare, kitongoji kiwe na watu 500 au zaidi, penye milima au jangwa, 250. Vikubwa vitangulie. Mimi silaumu. Fedha hazitoshi kwa wote siku moja, na pasipo hesabu barabara ingekwenda mlangoni pa wakubwa tu. Lakini nauliza: watu 480 wafanye nini? Wangoje wazaliwe wengine ishirini?

Sasa sikieni habari za Gehlaur, kijiji cha wilaya ya Gaya, katika Bihar. Mlima wa mawe ulikitenga na mji wenye mganga na soko. Hapo alikaa Dashrath Manjhi, kibarua asiye na shamba, mtu wa tabaka la Musahar, wanaodharauliwa sana. Mkewe aliumia, akafa, kwani msaada ulikuwa mbali, ng'ambo ya mlima. Basi mwaka 1960 Manjhi akashika nyundo na patasi, akaanza kuuchonga mlima. Watu wakamcheka, wakasema ana wazimu. Akachonga miaka 22. Mwaka 1982 njia ikapenya: urefu wake mita 110, upana mita 9. Safari ya kilomita 55 ikawa 15. Alipokufa mwaka 2007, serikali ya Bihar ilimzika kwa heshima kuu. Lakini lami ya njia ile ilikuwa imengojwa miaka mingi.

Wengi humsifu Manjhi, nami namsifu. Ila sipendi sifa hizo zitufunike macho. Nchi isiyofika kwa wachache huwaachia wachache hao kazi ya kuvunja mlima kwa mikono yao, na si kila kijiji kina Manjhi.

Mwaka 2024 serikali ilikubali awamu ya nne ya kazi ile, ifikie vitongoji 25,000 vingine. Ni habari njema. Lakini bado vinapimwa kwa hesabu ya 2011, maana ile ya 2021 haikufanyika kwa wakati wake. Mtoto aliyezaliwa Bihar mwaka 2012 hayumo.

Ndugu, tuhesabu watu, ni haki. Lakini kando ya swali «wako wangapi?» liandikwe na hili: mgonjwa mmoja wa hapa atamfikia mganga kwa saa ngapi? Hapo hata kijiji cha watu mia kitaonekana.