Ngazi Tatu za Buluo

Ukitaja Buluo ukiwa Lubumbashi, wengi hufikiria gereza. Nilifika huko, upande wa Likasi, asubuhi ya kiangazi, baada ya kilomita kama 120 za lami. Likasi iko juu, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari, na mwezi Julai baridi yake huwatoa watu nje kutafuta jua. Malori ya madini yalipita yakiacha vumbi jekundu hewani. Upepo ulinuka moshi wa makala na nyasi zilizoungua.

Lupango, yaani boma la nyumba, nilimokaribishwa lina mwembe, nyumba ya matofali ya kuchoma, na uwanja uliofagiliwa ukafagilika. Akina mama walikuwa wameketi kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, kila mmoja na mtoto wake mwenye ulemavu mapajani. Mmoja aliniambia wake hakulia alipozaliwa. Wa pili alisema wake malaria ilimpanda kichwani akiwa na miaka miwili. Wa tatu aliinua mabega tu.

Katikati ya mikeka kulikuwa na mabeseni: moja la mahindi makavu, moja la maharagwe, moja la maji ya vuguvugu. Kando yake, vipande vya gunia, sponji na kitenge laini. Mvulana wa miaka kama sita alikuwa amekunja ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani. Mama yake hakuvuta ncha za vidole. Alishika shina la kidole gumba, akaligeuza nje taratibu, na kiganja kikaanza kufunguka chenyewe.

"Fungula mukono, papa. Fungula."

Mkono ukazama kwenye mahindi. Mtoto akashtuka, akanyamaza kana kwamba anasikiliza, kisha akacheka kwa sauti kubwa.

Beseni la mchanga halikuwapo. Mahali pengine lingekuwa la kwanza kuwekwa, lakini hapa ardhi yenyewe ni madini: shaba, kobalti, na kule Shinkolobwe, kilomita kama 20 kutoka mjini, urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na watoto walikuwa miongoni mwa waliokutwa nayo zaidi. Mtoto anayejifunza kwa kugusa hupeleka kila kitu mdomoni. Mdogo wa mmoja wa watoto hawa alipoingia na jiwe la malakiti, zuri, kijani kibichi, mama kine alilipokea, akalisifu, akaliweka juu ya ukuta.

Kine ndilo jina la hapa la mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyu ni mwanamke mfupi, mikono mipana, hana haraka. Alimlaza msichana mwenye mwili uliokakamaa ndani ya tairi lililoning'inizwa kwenye mwembe, akalisukuma polepole, kwa mwendo usiobadilika. Baada ya muda magoti yalilegea. Aliyefuata alikuwa mvulana mlegevu, kichwa kikianguka kifuani. Yeye alisukumwa kwa kasi na kusimamishwa ghafla, na kila mara kichwa kiliinuka kutazama. Mmarekani A. Jean Ayres aliyaandika mambo haya mwaka 1972: ubongo hupanga kwanza habari za ngozi, misuli na sikio la ndani, ndipo mwili utende.

Viti vilikuwa vya katoni zilizogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga, ufundi uliosambaa kutoka Zimbabwe. Nilikikalia kimoja kwa ruhusa. Hakikulia.

Mjini kwenyewe, mambo hupimwa kwa tani. Bomba za moshi za Shituru zimesimama tangu enzi za Wabelgiji, mji ulipoitwa Jadotville, na mabehewa bado yanapakiwa. Ndani ya lupango kipimo ni upana wa vidole: kiganja kilichofunguka kidogo zaidi kuliko jana, kisigino kilichogusa chini. Kati ya fito mbili za mkaratusi msichana mmoja alipiga hatua nne, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Polepole, mama," kine alimwambia. Akina mama wakapiga vigelegele, kisha kila mmoja akarudi kwa wake.

Kabla hawajaondoka, kine alitoa kazi za nyumbani. Maharagwe ya jioni, achambue mtoto. Ukimbeba, mpanue miguu kiunoni, atazame mbele. Mama mmoja akauliza kuhusu shule. Sheria ya Mei 3, 2022 imeandika haki za watu wenye ulemavu nchini kote, na hilo analijua. Alichouliza ni mlango. Darasa la karibu lina ngazi tatu.

Nyuma ya nyumba nilionyeshwa matofali yaliyopangwa ngazi tatu, kingo zimefungwa matambara. Kimo cha kila moja kine amekipima kwa rula kule kule shuleni.