Riali 46 na Baisa 357

Wenzangu mnaosoma fasihi huniuliza sisi wa kompyuta tunasoma nini hasa. Safari hii nawajibu kwa hesabu ya duka moja la manukato hapa Maskati, mtaa wa Ruwi. Mwenye duka ni ami yangu.

Wateja wengi siku hizi hulipa kwa kadi. Fedha hizo haziingii kwenye droo. Hupita kwenye mashine, zikaenda kwa kampuni inayopokea malipo, na mwisho ndipo zifike benki. Kila wiki kampuni humtumia ami faili la XML lenye ripoti ya malipo. Wiki moja ami alilifungua kwenye jedwali, akajumlisha safu yote ya kiasi, akapata riali 642.300. Benki ziliingia riali 595.943. Pengo ni riali 46 na baisa 357.

Ami akamtazama kijana wa kaunta. Hakumtukana, alisema tu kwamba mshahara wa mwezi ule utasubiri. Nilimwambia fedha za kadi haziibiki kirahisi hivyo. Akaniuliza, "Na mashine inakaa mkononi mwa nani?" Sikuwa na jibu, nikaomba faili.

XML si programu. Ni namna ya kuandika taarifa, iliyopitishwa na W3C mwaka 1998, ili kompyuta zisizofahamiana ziweze kuelewana. Kila kitu huvikwa jina mbele na nyuma, na jina lililofunguliwa sharti lifungwe. Kitu huwekwa ndani ya kingine, kama kijaluba ndani ya kasha la bibi harusi. Ni lugha yenye uchungu na makosa: duka likiwa na alama ya & katika jina lake, na aliyeandika faili akaiacha hivyo hivyo, faili zima hukataa kusomeka.

Faili la ami lilifuata ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa fedha. Katikati yake nikakuta mistari hii miwili:

<Amt Ccy="OMR">18.500</Amt>
<CdtDbtInd>DBIT</CdtDbtInd>

Wa kwanza unasema kiasi ni 18.500, na sarafu ni riali ya Oman. (Tarakimu tatu baada ya nukta, kwa sababu riali yetu ina baisa 1000. Programu iliyozoea dola au pauni huweza kujikwaa hapo.) Wa pili ndio wenye siri. Katika kiwango hiki kiasi hakiandikwi na alama ya kutoa hata kama fedha zimetoka. Mwelekeo unasemwa na mstari wake wenyewe: CRDT zimeingia, DBIT zimetoka. Mteja alikuwa amerudisha chupa ya udi, akarejeshewa riali zake 18.500. Kwenye jedwali marejesho hayo yalikaa katika safu moja na mauzo, na safu ya pili ami hakuijali.

Wanasarufi mtanielewa. Chukua neno "hakuiba", ruka "ha" peke yake, kisha soma kilichobaki.

Hesabu sasa inakwenda hivi. Mauzo halisi yalikuwa 623.800. Marejesho yalipaswa kutolewa, yeye akayajumlisha, kwa hiyo pengo likawa mara mbili ya 18.500, yaani riali 37. Zilizobaki, 9.357, ni ada ya kampuni: asilimia 1.5 ya mauzo, nayo imeandikwa katika sehemu yake humo humo ndani ya faili. Thelathini na saba na 9.357 ni 46.357. Hakuna baisa iliyokosekana.

Nilimwonyesha ami kwa kalamu na karatasi, maana kioo cha kompyuta hakiamini. Alinyamaza kitambo, akauliza kuhusu mauzo ya Alhamisi usiku, ambayo siku zote huyaona yamechelewa. Hilo ni jepesi: Ijumaa na Jumamosi benki zimefungwa, hivyo fedha huingia Jumapili. Faili lina tarehe ya kuandikwa kwa muamala na tarehe ya fedha kuanza kuhesabika kwenye akaunti, na si lazima zilingane. Anayelinganisha siku kwa siku bila kujua hivyo atapata mwizi kila wikiendi.

Kijana alilipwa jioni ile ile. Ami si mtu wa kuomba radhi kwa maneno. Alimwongezea chupa ndogo ya mafuta ya udi ampelekee mamake. Mimi nikaambiwa kwamba kuanzia sasa faili la kila wiki ni langu, na malipo yangu ni chakula cha mchana.