Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuliona banda la gemu. Siku hizi yapo mijini, na hata kwenye vituo vidogo vya basi. Vijana hukaa mbele ya televisheni. Wanabonyeza vitufe, na wachezaji wa mpira walio kwenye kioo wanakimbia.

Mimi ninalo banda la namna hiyo. Watu huniuliza: je, mashine mpya ni bora kuliko za zamani? Nami hujibu: bora kwa nani? Hebu tulitazame jambo hili pamoja.

Mashine ya kwanza ya kuchezea nyumbani iliuzwa Marekani mwaka 1972. Iliitwa Odyssey. Haikuwa na sauti. Ilionyesha vidoa vyeupe tu. Mchezaji alibandika karatasi ya plastiki kwenye kioo ili apate picha ya uwanja. Mabao alihesabu mwenyewe.

Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine yake ya Famicom. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mchezo wa Famicom ulikuwa ndani ya kaseti. Ulichomeka kaseti, ukawasha, ukacheza. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine hiyo iliweza kubeba herufi 2,048 tu. Makala hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko hizo!

Sasa tazama PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020. Kumbukumbu yake hubeba herufi zaidi ya bilioni 16. Picha zake zinakaribia kufanana na za sinema. Unaweza kucheza na mtu aliye nchi nyingine. Tena mwaka 2023 kilitoka kishikio maalumu kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Hayo ni maendeleo ya kweli, na tusiyadharau.

Lakini kila kizuri kina gharama yake. Kwanza, umeme. Mashine hiyo hutumia kiasi cha wati 200 inapoendesha mchezo mkubwa. Ni sawa na kuwasha taa 20 za wati 10 kwa pamoja. Na hapo hatujahesabu televisheni. Umeme mdogo wa jua hauwezi mzigo huo.

Pili, intaneti. Zamani mchezo ulikuja umekamilika ndani ya kaseti au sahani. Siku hizi michezo mingi mikubwa huvutwa kwa intaneti, au huhitaji nyongeza baada ya kununuliwa. Mchezo mmoja unaweza kumaliza bando kubwa sana.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mali ni ya nani? Kaseti ya zamani ilikuwa mali yako. Uliweza kumwazima jirani, kubadilishana naye, au kuiuza. Mchezo uliovutwa kwa intaneti hauwezi kuushika mkononi. Kwa kawaida hauwezi kumwazima jirani wala kuuuza. Na zipo PlayStation 5 zisizo na mahali pa kuingizia sahani.

Hivi karibuni vijana wa kijijini kwetu waliuza ufuta wao. Walitaka kuchanga fedha wanunue mashine mpya ili wafungue banda. Niliwashauri watazame kwanza PlayStation 2. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2000, na ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ndiyo iliyojaza mabanda mengi ya Afrika Mashariki. Haihitaji intaneti. Mchezo wake umo kwenye sahani. Watu wawili hukaa benchi moja, wakachezea televisheni moja.

Mmoja wao alinipinga. Alisema, "Mzee, wateja wa leo wanataka picha safi." Maneno yake yana ukweli. Mashine ya zamani huchakaa, na siku hizi PlayStation 2 hazitengenezwi tena. Kwa hiyo sikuwaambia wakatae kipya. Niliwaambia wapige hesabu.

Nawe msomaji, kabla ya kutoa fedha yako, uliza maswali matatu. Umeme wangu unatosha? Nitacheza bila intaneti? Na mchezo nitakaonunua, nitaweza kumwazima jirani? Andika majibu kwenye karatasi, kwani kusoma na kuandika sasa unajua. Kisha chagua mashine inayokufaa wewe.