Taa ya Jirani

Kuna hukumu ambayo mtazamaji wa mchezo wa televisheni huitoa upesi kuliko zote: "Mtu hafanyi hivyo." Hutolewa kwa wepesi zaidi pale mchezo unapokuwa wa bunilizi za kisayansi. Mtazamaji aliyekubali bila ya ubishi kwamba vipo viumbe kutoka sayari nyengine, hukataa katakata kwamba jirani anaweza kumpiga risasi jirani yake. Wala hakosei kuuweka mpaka wake hapo. Msikilizaji wa ngano humkubali sungura asemaye, lakini sungura huyo akifanya ujinga usio na sababu, husema ngano imeharibika.

Mchezo mmoja unaifaa sana mizani hii: The Monsters Are Due on Maple Street, jina ambalo kwa Kiswahili lingekaribia kuwa Mazimwi Yanakuja Mtaa wa Maple. Ulitungwa na Rod Serling katika mfululizo wa The Twilight Zone, na kituo cha CBS cha Marekani kikauonesha tarehe 4 Machi 1960. Mngurumo na mwanga vinapita juu ya mtaa mtulivu, na mara umeme, simu na magari vinazimika. Pete Van Horn anaondoka kwenda kuangalia kama mtaa wa pili nao umezimika. Mtoto Tommy anasimulia aliyoyasoma hadithini: wavamizi hutanguliza familia moja iliyofanana na watu. Wakubwa wanamcheka. Kisha gari la Les Goodman linawaka lenyewe, na kicheko kinakatika. Usiku unapoingia, mtu anaonekana akija gizani. Charlie anaipokonya bunduki mkononi mwa mwenzake na kumwua. Ni Pete.

Msomaji wa Unguja ana haki ya kuguna. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja baada ya kuharibika njia ya umeme utokao Bara kwa kebo ipitayo chini ya bahari. Na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani miezi mitatu. Maji yalikuwa shida na jenereta zilinguruma madukani, lakini majirani hawakuuana. Vipi basi watu wa Maple Street washindwe kuvumilia hata usiku mmoja?

Jibu limo ndani ya mchezo wenyewe. Giza peke yake haliwaharibu watu wale. Maadamu kila nyumba imezimika, wanazungumza, wanataniana, wanatumana. Kinachowaharibu ni gari moja kuwaka. Jenereta ya tajiri ina maelezo: mwenyewe ana pesa. Gari la Les halina maelezo, naye hana la kusema ila kwamba hajui. Hapo ndipo hadithi ya mtoto, iliyokuwa ikizurura bila ya mwenyewe, inapopata nyumba ya kuingia.

Na khofu iliyopata hadithi haikuwa ngeni Visiwani. Mwaka 1995, Popobawa alipotia kiwewe Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakikesha pamoja. Na mjini Unguja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Mtu hafanyi hivyo, mpaka siku anapofanya.

Methali yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Serling anaitilia shaka methali hiyo. Anayemshitaki Les ni jirani anayemjua, aliyekwisha kumwona usiku wa manane akisimama nje na kutazama mbingu. Les anajieleza kwamba hukosa usingizi. Jana lingekuwa jambo la kumwonea huruma. Leo limekuwa ushahidi. Ujirani ndio uliozikusanya hoja za kumwangamiza.

Kwa wengi mhusika mgumu kumwamini ni Steve Brand, aliyeigizwa na Claude Akins. Ndiye mwenye busara mtaani. Lakini wanapomwuliza juu ya redio yake, na mkewe akataka kuionesha, Steve anakataza, kisha anajibu kwa kejeli kwamba huzungumza na viumbe wa angani. Mtazamaji hukereka: si aioneshe yaishe? Ila mtu aliyeshinda jioni nzima akitetea haki ya Les kutopekuliwa, akiifungua nyumba yake atakuwa amekiri kwamba majirani wana mamlaka ya kupekua. Kiburi chake kinamponza, nacho ni kiburi cha mtu mwenye haki. Charlie naye, taa zinapowaka nyumbani kwake, anamnyooshea kidole Tommy. Amejifunza usiku ule ule kwamba mtuhumiwa huokoka kwa kumtaja mwengine, na aliye karibu na mnyonge zaidi ni mtoto.

Udhaifu upo. Dakika zisizotimia thelathini zinakamilisha kazi ambayo khofu huifanya kwa wiki nyingi. Tena mwishoni viumbe wawili juu ya kilima wanaeleza walivyouvuruga mtaa kwa kuzima na kuwasha vyombo, kana kwamba mtazamaji alikuwa amelala. Na mchezo ulipotungwa upya mwaka 2003, viumbe hao waliondolewa na askari wakawekwa mahali pao. Majirani walibaki wale wale.

Serling alizifuata nyota kwa sababu. Mwaka 1956 mchezo wake uliochipuka katika mauaji ya kijana mweusi Emmett Till, yaliyotokea Mississippi mwaka 1955, ulibadilishwa kwa matakwa ya wadhamini, mpaka mahali na watu wake wasitambulike. Walichokiogopa wadhamini si kwamba watu wale hawaaminiki. Walikuwa wanaaminika kupita kiasi.

Kwa hiyo anayesema "mtu hafanyi hivyo" afadhali ajiulize kwanza: mtu huyo alikuwa anajua nini wakati ule, alimwogopa nani, na nani walikuwa wakimtazama? Pete Van Horn alikwenda mtaa wa pili kuangalia iwapo wenzao wana taa. Alikuwa anarudi na jibu, na hawakumngoja afike.