Kengele, jina na jicho la jirani

Siku hizi, pahali wazazi wa Bukavu wanapokutana, kuna swali moja lenye kurudi mara kwa mara. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanatuambia kwa telefone kwamba mzazi anaweza kumtia mtoto wake kachipu kadogo chini ya ngozi, apate kujua kila saa yuko wapi. Wengine kati yetu wanaitikia mbio: "Hiyo ndiyo ingetusaidia huku kwetu!" Wengine wanashtuka na kujibu kwamba mtoto si ng'ombe. Katika chama chetu tulilizungumza jambo hili kwa mikutano miwili, na tumeona vema kuliandika, juu linagusa desturi zetu za kulinda mtoto.

Kwanza tukijue kitu chenyewe, maana wengi wanakisifu ama wanakiogopa bila kukijua. Mwezi wa Oktoba 2004, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia madawa iliruhusu chipu moja yenye jina VeriChip. Ilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, ilitiwa katika mkono, na ndani mlikuwa namba ya tarakimu 16 tu. Haikuwa na betri. Ili isomeke, mtu alipashwa kuleta mashine karibu kabisa na ngozi, kama mtu anayesoma barua kwa mwanga wa mshumaa. Haikuweza kusema kama mtoto yuko Kadutu ama yuko Uvira. Mwaka 2010 wakaacha kuiuza.

Kuonyesha pahali mtu alipo ni kazi ingine. Kunahitajika chombo kinachosikia satelaiti, betri ya kuchajiwa, na rezo ya telefone ya kupeleka habari kwa mzazi. Hayo yote yanaingia katika saa ya mkono ama katika telefone. Lakini chipu ya kukaa mwilini mwa mtoto na kuonyesha njia zake, mpaka leo hakuna inayouzwa. Uingereza, mwaka 2002, kisha wasichana wawili wa miaka 10 kuuawa kule Soham, mwalimu wa chuo kikuu Kevin Warwick alisema yuko tayari kumtia mtoto chipu ya namna hiyo. Alipingwa na wengi, hata na mashirika yenye kutetea watoto, na jambo likaishia hapo.

Kwa hiyo tunabishana juu ya kitu ambacho bado hakijafika. Lakini hamu yake imekwisha kufika, nayo ina sababu. Wazee wetu pia walikuwa na hamu hiyo hiyo. Walifanya namna gani?

Balega wa Mwenga na Shabunda walikuwa na kengele ya mti. Walimfunga nayo mbwa wa kuwinda, kwa sababu mbwa wao si wa kubweka sana, na msituni mwindaji hawezi kumfuata kwa macho. Kengele ilikuwa ya mbwa. Hata hivyo, katika familia zetu zingine, bibi zetu walimfunga mtoto pia njuga mguuni alipoanza kutembea. Mama akiwa anatwanga ama analima, masikio yake yalikuwa kwenye njuga. Ikinyamaza muda mrefu, aliacha mutwango akaenda kuangalia. Mtoto akianza kusema vizuri na kujua njia ya mtoni, njuga ilifunguliwa, akapewa mdogo wake.

Tuangalie vizuri desturi hiyo. Njuga ilisikika na watu wote, hata na mtoto mwenyewe. Haikufichwa. Na ilikuwa na mwisho: siku ya kuifungua, mtoto alijua kwamba sasa anaaminiwa. Kachipu ka chini ya ngozi ni kinyume: kanyamavu, kamefichika, na mtoto hawezi kukatoa siku anapokua.

Kisha njuga, mtoto alipewa jina. Tunasema jina kwa maana ya ukoo wote. Jioni kando ya moto mzee alimuuliza: "Weye ni mutoto wa nani? Na baba yako ni mutoto wa nani? Mama yako alitoka mulima gani?" Aliyekosea alichekwa, akarudilia mpaka ikaingia. Tulifikiri ni mchezo wa wazee. Kumbe ilikuwa kinga. Mtoto aliyepotea sokoni ama njiani alikuwa na kitu cha kusema, na mtu mzima aliyemsikia alijua wapi pa kumrudisha.

Kinga hiyo imeonekana wazi hata katika miaka yetu. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka usiku. Watu wa Goma walikimbia, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka wa Rwanda. Siku chache kisha, serikali ilipoamuru sehemu ya mji ihamishwe, wengi walifika hapa kwetu kwa mashua. Watoto wengi waliachana na wazazi wao. UNICEF na Croix-Rouge waliwakusanya na kutafuta jamaa zao. Swali la kwanza kwa mtoto ni lile la wazee wetu: jina lako nani, la baba, la mama, mnakaa kartie gani? Mtoto anayejua kujibu anarudi mbio. Anayejua tu "Papa" na "Mama" anangoja.

Ndugu wasomaji, tusijidanganye kwamba desturi peke yake inatosha. Katika mkutano wetu wa pili, mama mmoja alisimama akatuuliza: "Munasifu jicho la jirani. Na kama jirani ndiye mwizi wa mutoto?" Watu walinyamaza, kwa sababu kila mmoja alifikiri Kavumu. Kule, kama kilomita 30 kutoka Bukavu, tangu 2013 mpaka 2016, wasichana wadogo zaidi ya 40, wengine hata mwaka hawajatimiza, walichukuliwa usiku katika nyumba za wazazi wao, wakanajisiwa, wakaachwa mashambani. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa hapo hapo, kundi la silaha lililoamini kwamba damu ya bikira inakinga na risasi. Mwezi wa Desemba 2017 korti ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, na kati yao alikuwamo mbunge wa jimbo.

Jambo hilo linatuumiza mara mbili sisi wapenda desturi. Kwanza, uovu ule ulijivika nguo ya dawa za mababu. Pili, jicho la jirani halikuona, ama liliona likaogopa. Mama aliyetuuliza aliendelea: "Mimi ningemutia hata machipu mbili." Hatukuwa na neno la kumkemea. Mzazi wa Kavumu mwenye kutaka chombo chochote hana kosa.

Lakini tulimjibu kwa upole kwamba chipu ile isingelia usiku ule. Ingebakia na namba yake chini ya ngozi ya mtoto, hata ingekuwa ile ya kuonyesha pahali, mzazi amelala, betri imeisha, umeme hakuna. Kilichovunja kundi lile ni wazazi waliokubali kusema mbele ya korti, waganga wa lopitali ya Panzi waliotunza watoto na kuandika walichokiona, na wanasheria waliosukuma kesi miaka mingi. Ilikuwa kazi ya watu wenye kukubali kuona na kusema.

Kuna sababu ingine, nayo ndiyo ilitugeuza wengi. Namba ya mtoto inahitaji daftari, na daftari linahitaji mwenye kulitunza. Huku kwetu ni nani? Bukavu imebadilika mikono mwaka 1996, mwaka 1998, siku chache za Juni 2004, na tena Februari 2025. Kila mara maofisi yalifunguliwa na watu wapya, na makaratasi yaliyokuwamo yakawa yao. Tukumbuke kwamba mwaka 1996 AFDL iliwachukua vijana wadogo wa Kivu, wale tulioita kadogo. Tukumbuke Ituri, ambako Thomas Lubanga alihukumiwa na korti ya La Haye mwaka 2012 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake. Mtu wa namna hiyo akipata orodha inayoonyesha kila mtoto yuko wapi, hatafanya kazi ya kutafuta tena. Kitu chenye kumsaidia mama kumuona mtoto wake kinamsaidia pia yule ambaye mama anamkimbia. Na wakati wa Leopold II, katika sehemu zingine za nchi hii, wanaume walifungwa shingoni kisahani cha chuma chenye namba, ili mzungu ajue nani hajaleta mpira wake. Kile kisahani kiliweza kutupwa usiku mtu akikimbilia msituni. Kachipu hakatupwi.

Basi tufanye nini? Hatukatai vitu vya kisasa. Kijana wa miaka 14 anayetoka masomo saa ya jioni akiwa na katelefone, na akijua kwamba wazazi wanaweza kumuita, hilo ni jambo jema. Yeye mwenyewe anakashika, anaweza pia kukazima, na anaulizwa kwa nini amekazima. Hayo ni mazungumzo kati ya mzazi na mtoto.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, mtoto aandikwe. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema aandikwe katika siku 90 kisha kuzaliwa; wengi wetu tunangoja mpaka mtoto anatafuta nafasi ya masomo. Kabla ya kutamani namba ya chini ya ngozi, tumpatie kwanza karatasi ya kuzaliwa. La pili, mtoto wa miaka minne ajue kusema jina lake, la baba, la mama, la koko wake, avenyu na kartie. Tufanye wimbo, tufanye mchezo, lakini ajue. La tatu ndilo gumu: kila avenyu wazazi wakutane, waseme wazi nani anabaki na watoto saa za soko, na mtu akiona mtoto wa mwingine yuko na mtu asiyemjua, aulize. Akikosea, asichukiwe. Na mtoto akisema kwamba mtu mzima fulani amemfanyia ubaya, asipigwe kofi kwa kukosa heshima.

Yule mama wa mkutano hajakubali yote. Anasema majirani wa leo si wale wa zamani, wengi ni wapangaji na hawajuani. Ni kweli. Ndiyo maana tumemuomba aongoze mkutano wa avenyu yake mwezi ujao, na amekubali.