Mahipi Walikataa Nini?

Liko neno moja ambalo wazee wetu hulitumia wakitaka kumkemea kijana asiyechana nywele. Humwambia, "Acha uhipi!" Kijana hucheka, mzee hukasirika, na pengine wote wawili hawajui neno lenyewe lilitoka wapi.

Waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 wanakumbuka suruali za bugaluu zilizofagia njia, viatu vya raizoni, na nywele za afro. Hata kabla ya hapo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umekwisha tangaza kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana. Na huko Lamu, pwani ya Kenya, mahipi wenyewe walifika, wazungu vijana wenye mifuko mgongoni na miguu mitupu. Basi watu wetu waliona nywele, waliona suruali, walinusa bangi, wakasema: kumbe hawa ndio mahipi. Lakini hayo yote ni maganda. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu na karatasi, na jioni hupenda kusoma habari za miaka iliyopita. Leo nataka tulimenye ganda hilo tuone kilichokuwa ndani.

Kwanza tuulize, mahipi walikuwa watoto wa nani? Hawakuwa watoto wa maskini. Wengi walizaliwa Marekani katika miaka ya vita vikuu vya pili au baada ya vita hivyo kwisha mwaka 1945. Wazazi wao walikuwa wameionja dhiki ya miaka ya 1930, kisha wakaionja vita. Walipopata kazi, nyumba, gari na friji, waliona wamefika. Watoto wao walikua katika shibe hiyo, wakauliza swali ambalo mwenye njaa hana nafasi ya kuliuliza: Je, mtu ameumbwa anunue vitu tu? Baba hutoka alfajiri, hurudi usiku, hulipa deni la gari, kisha hununua gari jingine. Ndiyo maisha hayo? Tena waliona kwamba katika nchi hiyo yenye shibe, mtu mweusi alipigwa kwa sababu tu ametaka kupiga kura.

Vijana hao wakaanza kuhama makwao. Wengi walikwenda mji wa San Francisco, katika mtaa uitwao Haight-Ashbury. Tarehe 14 Januari 1967 maelfu yao walikusanyika katika bustani kubwa ya mji, wakaimba, wakasikiliza washairi, wakagawana chakula. Ulipofika wakati wa joto wa mwaka huo, vijana wapatao 100,000 walikuwa wamemiminika katika mtaa huo mdogo.

Jambo walilolikataa kuliko yote ni vita vya Vietnam. Katika Marekani ya siku zile kila mvulana alipotimiza miaka 18 alipaswa kuandikishwa, na serikali iliweza kumwita jeshini apende asipende. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliahirishiwa, kwa hiyo mzigo uliwaelemea zaidi wana wa maskini. Vita vilipokwisha mwaka 1975, askari wa Marekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekufa. Kwa upande wa Wavietnam, serikali yao ilitaja mwaka 1995 hesabu ya watu kama milioni 3, na wengi wao hawakuwa askari. Wahenga walisema vita havina macho, na kweli havina.

Tarehe 21 Oktoba 1967 watu wapatao 100,000 walikusanyika Washington kupinga vita hivyo, na wengi wao wakaandamana hadi Pentagon, makao makuu ya jeshi. Askari walisimama mstari mmoja, bunduki mbele. Akatokea kijana mmoja mwenye fulana nzito, akachukua maua akayachomeka katika midomo ya bunduki, moja baada ya jingine. Mpiga picha Bernie Boston alilinasa tendo hilo, na picha ile imezunguka dunia yote. Tazameni vizuri picha hiyo mkiipata. Askari nao ni vijana, rika moja na mwenye maua.

Sasa nieleze habari moja inayonigusa mimi kwa sababu ya kazi yangu. Tarehe 17 Mei 1968, katika mji mdogo wa Catonsville, jimbo la Maryland, watu tisa waliingia katika ofisi ya kuandikisha askari. Hawakuwa mahipi, walikuwa Wakatoliki, wenye nywele fupi na mavazi ya heshima. Wawili walikuwa mapadre ndugu, Daniel na Philip Berrigan. Mmoja, Mary Moylan, alikuwa muuguzi aliyewahi kufanya kazi Uganda. Mwingine, Thomas Lewis, alikuwa mchoraji. Walichukua majalada 378 ya vijana waliokuwa wakingoja kuitwa vitani, wakayatoa nje, wakayachoma kwa napalm waliyoitengeneza wenyewe. Napalm ni petroli iliyofanywa nzito kama uji. Hunata mwilini na huendelea kuwaka, nayo ndiyo ndege za Marekani zilikuwa zikiiangusha juu ya vijiji vya Vietnam. Kisha hawakukimbia. Walisimama wakasali Baba Yetu, wakawangoja polisi. Wote walihukumiwa kufungwa. Padre Daniel alipewa miaka 3.

Nimeifikiri habari hiyo mara nyingi nikiwa mezani pangu. Kila siku naandika majina: huyu amebatizwa, huyu amefunga ndoa, huyu amezikwa. Karani hufundishwa kwamba karatasi ni amana. Ikiungua, mtu hupoteza ushahidi wa umri wake na wa ndoa yake. Siku ile makarani wa ofisi ya Catonsville walijaribu kuyazuia majalada yasichukuliwe, nami nawaelewa, maana walikuwa wakilinda walichokabidhiwa. Lakini nawaelewa na wale tisa pia. Ni kama waliuliza, kama karatasi hizi ni watu, basi mbona tunawahurumia karatasi kuliko watu? Wakatoliki wengi wa Marekani wakati ule waliwalaumu, na wengine waliwasifu, na mpaka leo watu hawajakubaliana. Kwa upande wangu, nakubali kwamba si halali kuharibu mali ya watu kila tunapochukizwa na jambo. Ila nasadiki kwamba anayetenda mchana, bila kumwumiza mtu, akasimama kuipokea adhabu yake, hafanani na mhuni anayerusha jiwe akajificha.

Tuje kwenye sanaa, maana mahipi walisema mambo yao kwa rangi kuliko kwa hotuba. Kule San Francisco wachoraji kama Wes Wilson na Victor Moscoso walichora matangazo ya dansi yaliyobandikwa katika madirisha ya maduka na nguzo za barabarani. Herufi zao zilipindapinda kama ndimi za moto, hata mpita njia hakuweza kuzisoma upesi. Moscoso alikuwa amesomea rangi chuoni. Alijua kwamba ukiweka nyekundu kali ubavuni mwa samawati kali, macho huona kama vinatetemeka. Biashara husema tangazo lisomwe kwa nukta moja mtu apite anunue. Wao walitaka mtu asimame, atazame, akawie. Huko nako kulikuwa kukataa. Leo matangazo hayo, yaliyokuwa yakigawiwa bure, yamehifadhiwa katika majumba makubwa ya sanaa.

Wakati huohuo, Los Angeles, palikuwa na sista mmoja mwalimu wa sanaa, jina lake Corita Kent, wa shirika la Moyo Safi wa Maria. Yeye alichapa picha kwa kupitisha rangi katika kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, kama wafanyavyo wachapaji wa fulana za kwaya mijini. Alichukua maneno ya matangazo ya madukani, ya mikate na ya nyanya, akayageuza yaseme habari za njaa, amani na upendo. Aliuza kwa bei nafuu ili watu wa kawaida waweze kununua. Askofu Mkuu wake, Kardinali McIntyre, hakupendezwa na kazi hizo. Mwaka 1968 Corita aliacha utawa, akaendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 1986. Mwaka mmoja kabla ya kufa, stempu yake yenye neno moja tu, Upendo, ilitolewa na posta ya Marekani, na zikauzwa zaidi ya milioni 700. Neno lililosumbua watu likatumwa kwenye barua za kila mtu.

Haya, nimeeleza mazuri. Niyafiche mabaya? La hasha. Kule Haight-Ashbury lilikuwapo kundi lililojiita Diggers, yaani wachimbaji, kwa kuwakumbuka wakulima maskini wa Uingereza waliojaribu kulima ardhi kwa pamoja mwaka 1649. Diggers waligawa chakula bure kila siku bustanini, walioka mikate katika makopo ya kahawa, wakafungua na duka lisilo na bei. Lakini chakula hicho kilikuwa cha kuombaomba masokoni, na walaji waliongezeka kuliko waokaji. Vijana wengi walikuja hawana pa kulala. Madawa ya kulevya yakaingia kwa nguvu, magonjwa yakafuata, na wasichana wadogo wakaangukia mikononi mwa wabaya. Ndipo tarehe 6 Oktoba 1967 wenyeji wa mtaa huo wakatengeneza jeneza, wakaandamana nalo, wakamzika hipi hadharani ili kuwaambia vijana wengine wasije tena. Mwaka 1970, katika muda wa wiki tatu, waimbaji wao wawili wakubwa, Jimi Hendrix na Janis Joplin, walikufa kwa madawa, kila mmoja akiwa na miaka 27 tu. Walikimbia utumwa wa mali, na wengi wakaingia utumwa mwingine.

Wahenga wetu wana dawa ya jambo hilo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1971 watu kama 300, wakiongozwa na Stephen Gaskin, walitoka San Francisco kwa mabasi wakanunua ardhi Tennessee, zaidi ya ekari 1,000, wakaiita The Farm, yaani Shamba. Hawa walishika jembe. Walilima soya, walijenga nyumba, waliweka fedha zao katika mfuko mmoja. Mke wa Gaskin, Ina May, na wenzake wakawa wakunga hodari. Walitangaza kwamba mwanamke aliyetaka kutoa mimba aje kwao ajifungue bure, na akishindwa kumlea mtoto, wao watamlea. Walifikia watu zaidi ya 1,000. Hata hivyo madeni yaliwalemea, na mwaka 1983 wakaacha mfuko mmoja, kila nyumba ikaanza kujitegemea. Wengi waliondoka, lakini kijiji hakikufa. Nguvu ya ubishi peke yake isingewafikisha hapo. Walifika kwa kuamka mapema.

Niseme kwa nini nimeyaandika haya. Mwanangu mmoja, mtoto wa kaka yangu mkubwa, amerudi kutoka mjini akiwa na nywele za kusokota na gitaa. Ameacha masomo ya uhasibu, anataka kuchora. Kaka amesema hataki kumwona hipi barazani pake, na mlango ameufunga. Kijana akaja kwangu. Nilimwuliza maswali mawili tu: umekataa nini, na unajenga nini? Swali la kwanza alilijibu upesi: "Baba mdogo, sitaki kazi ya kuandika risiti za uongo, na huko nilikofanya mazoezi ndivyo nilivyoamriwa." La pili alikaa kimya. Siku ya tatu nikampa jembe. Asubuhi hulima, jioni huchora mabango ya maduka ya sokoni, na fedha ya kwanza aliyoipata alimpelekea mama yake. Kaka bado hajasema neno. Sijui lini atafungua mlango, lakini juzi aliuliza bango la duka la mahindi limechorwa na nani.

Wazazi wenzangu, kijana anayekataa jambo si lazima awe mpotevu. Yawezekana ameona uovu ambao sisi tumeuzoea mpaka hatuuoni. Yawezekana pia anakimbia kazi tu. Huwezi kujua lipi ni lipi kwa kuangalia kichwa chake. Basi akirudi nyumbani na nywele ndefu, mpeni maji ya kunywa, mwulizeni yale maswali mawili, na mngojeni ajibu. Habari ya nywele iwe baadaye; wembe upo dukani siku zote.