Mtumishi wa Afya Naye Aambiwe

Ndugu wasomaji, fedha za Serikali zikipungua, au mpango wa kazi ukibadilishwa, watu wa kwanza kupata taabu ni wale wasioambiwa kitu. Twaandika haya kwa ajili ya watumishi wa afya wa vijijini: waganga, wauguzi, wakunga na wahudumu. Jamaa zetu wengi wamo miongoni mwao, na sisi sote, wakubwa kwa wadogo, huwakimbilia usiku wa manane mtoto anapochemka homa. Neno letu leo ni moja. Mtumishi wa namna hii ana haki ya kuambiwa mapema, na kwa ukweli, jambo linaloihusu kazi yake, hata kama jambo lenyewe ni chungu. Akinyimwa haki hiyo, hasara haimwangukii yeye peke yake; humwangukia pia mama mjamzito na mtoto mchanga.

Chukueni mfano wa kwetu Vugiri. Vugiri ni kata katika Wilaya ya Korogwe, juu ya milima ya Usambara, mahali pa ukungu, baridi na chai. Wajerumani walipotawala waliipenda hewa yake, hata wakaweka huko nyumba ya kupumzikia Wazungu waliodhoofishwa na maradhi ya nchi za joto. Leo wanaotafuta afya katika milima hii ni wachuma chai, na wakulima wa mahindi, maharagwe na migomba. Hawa wakiugua hukimbilia zahanati. Na ugonjwa ukizidi huteremshwa hata Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, na wengine hufika Bombo, Tanga. Mvua ikinyesha sana, barabara za milimani huwa matope, na safari fupi huwa ndefu. Kwa hiyo muuguzi wa mlimani si mtumishi tu kwetu. Yeye ndiye mlango wa kwanza, na mara nyingine ndiye mlango wa pekee.

Habari za kazi yake hutoka mbali. Fedha na nafasi za kazi huamuliwa Dodoma. Sera ya tiba iko kwa Wizara ya Afya, lakini zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, nazo halmashauri zasimamiwa na ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Na Korogwe leo ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Barua ikitoka juu hupita mkoani, ikaja kwa Mkurugenzi, ikaenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ndipo imfikie mganga wa zahanati. Katika kila mlango barua yaweza kulala. Uvumi haulali, hupanda mlima kwa simu siku ile ile, na kila aupokeaye huongeza chake. Wazee walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtumishi aliyeachwa gizani hana la kufanya ila kuiamini methali hiyo.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, tulikwenda kumtazama binti wa ndugu yetu, muuguzi katika zahanati moja ya milimani, ambayo hatutaitaja. Tulikuta kiwanja chake hakikupandwa kitu, na majirani wote wamekwisha palilia. Tulipomwuliza sababu akatujibu: "Baba mdogo, wasema tutapunguzwa, wengine wasema tutahamishwa. Nani asemaye, sijui. Nikipanda mimi, atavuna nani?" Hakuwa na barua ya uhamisho, wala hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba barua haiko. Paa la jiko lake lilikuwa likivuja, naye hakuona haja ya kulitengeneza. Mtoto wake wa kwanza alikuwa tayari kwa shule, naye hakujua amwandikishe wapi.

Yaliyo nyumbani yakamfuata kazini. Akina mama waliozoea kumpa siri zao walianza kumwuliza kama atakuwapo mwezi wa kujifungua kwao, naye hakuwa na jibu. Mmoja wao akakata shauri kujifungulia nyumbani, kwa kuwa hakutaka kushikwa na uchungu akakuta mlango umefungwa. Alhamdulillahi, alijifungua salama. Lakini kila mtu ajua kwamba mama akitokwa na damu nyingi nyumbani, mbali na sindano na mkunga aliyefundishwa, saa moja ni nyingi. Miezi ikapita, uhamisho haukuja. Yule binti bado yuko pale pale. Mahindi ya mwaka ule hayakuwako, na imani ya wale akina mama ilichukua muda mrefu kurudi. Hasara yote hiyo haikuletwa na upungufu wa fedha. Ililetwa na ukimya.

Tukiitazama historia ya nchi yetu twaona jambo hili si geni. Katika miaka ya 1990, Serikali ilipokuwa ikirekebisha uchumi, ilipunguza wafanyakazi wake na kuzuia kuajiri wapya. Na mwaka 1993 ikaanza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama katika hospitali zake. Mtumishi aliyekaa dirishani ndiye aliyewaeleza wananchi kwa nini leo walipe kile ambacho jana kilikuwa bure. Asiyeelezwa atawaelezaje wengine?

Mwaka 2012 madaktari vijana waliokuwa katika mafunzo ya kazi Muhimbili walidai posho zao zilizochelewa. Walipopangiwa kwenda hospitali nyingine, mgogoro ukapanda, ukawa mgomo wa madaktari ulioenea katika hospitali kadha, na wagonjwa ndio walioteseka. Kwa jirani zetu wa Kenya, kazi ya afya ilihamishwa kutoka Serikali kuu kwenda kaunti mwaka 2013, na mwaka ule ule yakatiwa saini mapatano na madaktari. Mapatano yalipokaa bila ya kutimizwa, madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100, tangu tarehe 5 Desemba 2016 hata tarehe 14 Machi 2017. Hatusemi kwamba fedha hazikuwa sababu. Zilikuwa sababu kubwa. Lakini mtu aliyeahidiwa neno, kisha akanyamaziwa, hukasirika mara mbili.

Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyowataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaamuru waondoke kazini. Hatumtetei mwenye cheti cha uongo. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa na mtu aliyesoma kweli. Lakini zahanati yenye watumishi wawili, mmoja akiondoka ghafula, yule anayebaki yafaa aambiwe nani atakuja na lini. Wakati huo waliondolewa pia watumishi walioishia darasa la saba. Na mwezi wa Aprili 2018 Serikali ikaagiza kwamba wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini. Kurudishwa kwao ni haki. Lakini fikirini, ndugu wasomaji, muda wote uliopita kati ya kuondolewa na kurudishwa, mhudumu wa zahanati amekaa barazani kwake, wala hajui kama yeye ni mtumishi au si mtumishi tena.

Na la karibu zaidi ni la mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya nchi za nje ili ichunguzwe, na baada ya siku chache mashirika yaliyofanya kazi kwa fedha hizo yakaamriwa kusimama. Ilipofika tarehe 1 Julai, shirika la USAID likaacha kabisa kuendesha misaada hiyo. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki fedha za Marekani, hasa za mpango wa PEPFAR ulioanza mwaka 2003, zilikuwa zikiwalipa watumishi wengi wa kliniki za UKIMWI. Wako waliokwenda kazini asubuhi wakaambiwa warudi makwao. Amri hiyo haikutoka Korogwe wala Dodoma, na hakuna mkuu wa hapa aliyeweza kuizuia. Lakini hata jambo lisilozuilika huelezeka. Mgonjwa anayemeza dawa kila siku alitaka kujua mambo mawili tu: dawa zipo, na nani atampa. Mtumishi aliyeelezwa aliweza kumtuliza. Asiyeelezwa aliogopa pamoja naye.

Wala kuwaambia watumishi si hisani ya mkuu mwenye moyo mwema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 38, yamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mara anapoanza kulifikiria jambo hilo. Aeleze habari zote zinazohusika. Na ashauriane nao juu ya sababu, njia za kuliepuka, namna ya kuchagua watakaoondoka, wakati wake, na malipo. Hata kabla ya hapo, Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, ili mfanyakazi awe na mahali pa kusikia na kusikilizwa. Na watumishi wa Serikali na afya wana chama chao, TUGHE. Basi mlango upo; kazi iliyobaki ni kuufungua. Sisi tuliolelewa katika mafunzo ya shura na amana hatuna haja ya kufundishwa thamani ya mlango huo.

Wakubwa wengine husema: "Tukiwaambia, watavunjika moyo, na walio wazuri watakimbia." Twawajibu kwa adabu kwamba walio wazuri ndio wa kwanza kukimbia uvumi, kwa sababu wao hupata kazi mahali pengine upesi. Mtu huweza kujipanga kwa habari mbaya. Hawezi kujipanga kwa giza. Wengine husema: "Sisi wenyewe hatujui." Hilo nalo ni habari, nalo lisemwe. Mkuu akiwaambia watu wake, "Hili twalijua, hili hatujalijua, na tarehe fulani tutakutana tena," amewapa kitu cha kushika, hata kama hana fedha ya kuwapa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mficha upungufu huumbuliwa na mlango uliofungwa.

Twaona basi yafaa yafanywe haya. Habari ya uhamisho, ya kupunguzwa, ya mishahara au ya dawa imfikie mtumishi kwa maandishi kutoka kwa mkubwa wake kabla hajaisikia sokoni au katika simu. Mkutano wa watumishi ufanywe kwa siku iliyowekwa, hata mwezi usio na jipya, kwa maana kujua kwamba hakuna jipya nako huondoa hofu. Wa zahanati za mbali wasiachwe mwisho kwa sababu ya barabara. Na maswali yao yarudishwe na majibu, kwani mfereji upelekao maji upande mmoja tu haumwambii mwenye maji kama shamba limelowa.

Nasi wananchi tuna fungu letu. Kila zahanati ina kamati yake, na ndani yake wamo wajumbe waliotoka kwetu. Mkutano mkuu wa kijiji nao kwa sheria hukutanika kila miezi mitatu. Mara nyingi huko twauliza habari za barabara, za maji na za mbolea, kisha twaondoka bila ya kuuliza kama muuguzi wetu amelipwa, kama anabaki, na kama ameambiwa lolote. Swali hilo likitoka kinywani mwa kijiji huwa zito kuliko likitoka kinywani mwa muuguzi peke yake, ambaye pengine aogopa kuonekana mkaidi.

Na ninyi vijana wetu, mlio na simu mkononi usiku na mchana: mkipokea habari kwamba zahanati fulani yafungwa, au watumishi fulani wamefukuzwa, msiitume mbele mpaka mmeuliza. Mwendeeni mwenyewe, au mjumbe wa kamati, mjue ukweli. Na wale miongoni mwenu wanaosomea uuguzi na uganga, kesho mtakuwa wakuu wa vituo. Mkumbuke siku hiyo kwamba mhudumu anayefagia wodi naye ana nyumba, watoto na kiwanja cha kupanda, na kwamba neno lenu la mapema laweza kumwokoa na mwaka mzima wa wasiwasi.

Mkutano wa kijiji ujao hauko mbali. Mmoja wetu asimame, amwulize mwenyekiti kwa upole: watumishi wetu wa zahanati wameambiwa nini juu ya mwaka huu wa fedha? Kama jibu lipo, lisomwe mbele ya watu. Kama halipo, iwekwe tarehe ya kulileta, iandikwe katika kitabu cha mkutano, na siku hiyo twende sote kulisikiliza, Inshallah.